Kuanzia geti hadi nywila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ulinzi wa vituo vya data

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina tatu: wenye seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, wanaotafuta pa kuziweka, wasimamizi wa majengo waliokabidhiwa ukumbi wa seva bila maelezo, na vijana wa TEHAMA waliogundua kwamba kazi yao haiishii kwenye skrini. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Penye uzito nimekaa, pengine nimepita haraka.

Ulinzi wa mlango na ulinzi wa mtandao si kazi mbili tofauti?

Zilikuwa mbili wakati mlango una kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Leo mlango wa kituo cha data, yaani jengo la kutunzia seva, una kisomakadi ukutani, kisomakadi kinaongea na kidhibiti kilichofichwa juu ya dari, kidhibiti kinauliza seva kama kadi hii ipite, na seva hiyo ina nywila kama seva nyingine yoyote. Aliyeishika seva hiyo ameshafungua milango yote bila kugusa kitasa. Geuza upande wa pili: mtu aliyesimama mbele ya seva yako kwa dakika tano akiwa na feleshi na kibodi hana haja ya kuhangaika hata kidogo na fayawoli yako, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook walilionja hili kwa uchungu. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliukata mtandao wao wa ndani, seva zao za DNS, zinazoielekeza intaneti pa kuwapata, zikatoweka kwenye intaneti, na huduma zikazimika kwa takriban saa sita. Ilibidi mafundi wafike wenyewe vituoni. Kampuni ilieleza baadaye kwamba kuingia kulichukua muda, kwa kuwa vituo vimejengwa viwe vigumu kuingilika, na hata ukishaingia vifaa vimetengenezwa visichezewe kirahisi. Kosa la mtandao likawa tatizo la mlango.

Ukiniuliza kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, ni hili: walinzi wana orodha yao ya watu wanaoruhusiwa, TEHAMA wana yao, na orodha hizo mbili hazijawahi kuwekwa meza moja. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Mtu akiacha kazi, tufunge kipi kwanza, kadi au akaunti?

Vyote saa ileile, na anayetoa taarifa awe mmoja: ofisi ya rasilimali watu. Taarifa yake iwafikie walinzi na TEHAMA kwa pamoja.

Niliwahi kukagua kituo kimoja ambako nilichapisha orodha ya kadi zilizo hai, nikachapisha na orodha ya mishahara ya mwezi ule, tukakaa mezani watatu na rula na kalamu nyekundu. Tulipofika mwisho kadi kumi na moja zilikuwa za watu walioondoka zamani. Moja ilikuwa bado inasomwa mlango wa nyuma, saa kumi na moja alfajiri. Tulishtuka. Tulipofuatilia tukakuta mwenyewe aliiacha kwenye droo siku ya kuaga, na mtu wa usafi ambaye kadi yake iliharibika alikuwa akiitumia kila siku, kwa idhini ya mlinzi, ili kazi isilale. Hakukuwa na mwizi. Lakini kwa miezi mingi logi ya mlango, yaani kumbukumbu ya nani kaingia lini, ilikuwa ikisema kwamba mtu ambaye hayupo anaingia kila alfajiri, na hakuna aliyeisoma. Hilo ndilo lililoniumiza.

Tangu siku hiyo nashauri zoezi la rula na kalamu lifanyike kila robo mwaka. Kituo kikiwa na watu chini ya mia moja ni kazi ya asubuhi moja.

Milango mingapi inatosha kati ya geti na seva?

Idadi si hoja kubwa. Hoja ni kila hatua imchuje mtu zaidi ya hatua iliyotangulia. Geti linajua gari na jina la mgeni. Mapokezi yanajua kitambulisho na mwenyeji wake. Korido inajua kadi. Ukumbi wa seva unajua kadi na namba ya siri au kidole. Kizimba cha mteja, yaani uzio unaozunguka makabati yake ya seva, kinajua mteja, na kabati linajua fundi aliyepewa kazi siku hiyo. Mahali ambapo kadi ile ile ya kantini inafungua hadi kabati, milango yote hiyo ni mlango mmoja uliorudiwa.

Mlango wa kugharimia kabla ya mingine ni milango pacha: mtu anaingia kwenye chumba kidogo, mlango wa kwanza unajifunga, ndipo wa pili unakubali kufunguka, na sensa inathibitisha kwamba ndani yupo mmoja. Hapo ndipo tatizo la kuingia kwa mgongo wa mwenzako linapoishia. Watu wema humshikia mlango aliyebeba boksi zito, na mvamizi anajua hivyo, ndiyo maana huja na boksi. Usimlaumu mfanyakazi kwa adabu yake. Mwekee mlango ambao haumpi nafasi ya kuchagua.

Kadi zetu zinaweza kunakiliwa?

Kama ni zile za zamani za masafa ya 125 kHz, ndiyo, tena kwa kifaa cha kushika mkononi na kwa sekunde chache. Kadi hiyo hutamka namba yake kwa kila anayeiuliza. Hata kadi ya MIFARE Classic, iliyokuwa na usimbaji fiche (kuficha data kwa msimbo) wa aina yake, ilivunjwa hadharani mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, na bado naikuta milangoni. Tumia kadi zenye usimbaji wa kisasa kama AES, na kwenye ukumbi wa seva usikubali kadi peke yake. Alama ya kidole inasaidia, mradi ukumbuke kwamba namba ya siri ikivuja utaibadilisha, ila kidole kikivuja kitabaki kile kile maisha yote. Kwa hiyo mahali zinapohifadhiwa alama hizo panastahili ulinzi sawa na seva za wateja.

Mlango wetu ni wa chuma. Tuna wasiwasi gani tena?

Ukuta. Oktoba 2007 wezi waliingia kwenye kituo cha data cha Chicago kwa kukata ukuta kwa msumeno wa umeme, wakaondoka na seva. Mwaka uleule, mwezi Desemba, kituo cha London kiliibiwa na watu waliovaa sare kama za polisi. Mmoja hakuuhitaji mlango, mwingine alifunguliwa.

Ukisimama ukumbini, inua macho. Kama dari ni la vigae vya kuning'inia, panda ngazi usukume kigae kimoja utazame: je, ukuta unapanda hadi kwenye zege la juu, au umeishia hapo kwenye vigae? Nimeona kuta zilizoishia hapo. Upande wa pili ulikuwa ukumbi wa mikutano, na mtu mwembamba angepita bila kuvua koti. Kisha fungua sakafu ya kuinuliwa utazame chini vilevile. Ukuta wa ukumbi wa seva utoke zege hadi zege, na mabomba ya hewa yanayopita humo yawekewe nondo.

Tazama na bawaba: kama ziko nje, pini zake zinaweza kung'olewa. Tazama sensa ya kutokea iliyo ndani juu ya mlango, ile inayofungua ikihisi mtu anakaribia. Nyingi huhisi mabadiliko ya joto, hivyo mtu aliye nje akipuliza gesi ya baridi ya mkebe kwenye upenyo wa chini, mlango unadhani kuna mtu anatoka. Dawa yake ni kuziba upenyo, au kuibadilisha sensa kwa kitufe.

Na funguo za makabati: watengenezaji wengi huuza makabati yanayofunguliwa na ufunguo wa namna moja. Chukua ufunguo wa kabati lako ujaribu kwenye la jirani. Ukifungua, umejua la kufanya.

Kengele ya moto ikilia, milango ifunguke au ijifunge?

Milango ya kutokea ifunguke kwa aliye ndani, siku zote. Hakuna data yenye thamani ya kumfungia mtu kwenye moshi. Mvamizi anaweza kuitumia huruma hiyo kwa kubofya kengele kisha asubiri kufuli za sumaku ziachie, na jibu lake ni kumpa mlinzi mmoja jukumu la kusimama mlangoni wakati wa kengele, kamera ielekee hapo, na kufuli zichaguliwe za aina inayomruhusu mtu kutoka kwa kushusha kitasa huku upande wa nje ukibaki umefungwa.

Hapohapo mlangoni kagua kitufe cha kukata umeme wote wa ukumbi. Kama kipo karibu na kitufe cha kufungulia mlango, vinafanana, na hakina kifuniko, ipo siku mgeni anayetaka tu kutoka atazima ukumbi mzima. Kifuniko cha plastiki cha kuinua ni kitu kidogo sana. Kiwekeni wiki hii.

Moto nao ni suala la usalama, au ni la wazima-moto?

Usalama wa data una nguzo tatu: isionwe na asiyehusika, isibadilishwe kinyemela, na iwepo inapohitajika. Moto huangusha ya tatu kwa usiku mmoja.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liitwalo SBG2 huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na sehemu ya jengo la jirani ikaharibika. Hakuna aliyejeruhiwa. Lakini wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao rudufu zilikuwa kwenye eneo lile lile. Walidhani wana nakala mbili. Kwa moto ilikuwa moja.

Septemba 2025 huko Daejeon, Korea Kusini, betri za lithiamu zilishika moto kwenye kituo cha data cha serikali zikiwa zinahamishwa. Zaidi ya mifumo 600 ilisimama. Hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, iliangamia kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Naomba sentensi hiyo muikumbuke siku mtakapoambiwa kwamba data fulani ni kubwa mno kunakiliwa. Ukubwa wake ndio kipimo cha hasara.

Betri za lithiamu zikianza kuungua hujipasha zenyewe, na gesi ya kuzimia inayotosha kwa makaratasi na nyaya inaweza kushindwa kuzipoza. Ziwekeni chumba chao, chenye ukuta wa kuhimili moto, mbali na seva, na kila betri ipimwe joto lake kila wakati.

Gesi yenyewe ina mambo yake. Haloni iliyotumika zamani iliacha kutengenezwa katika nchi zilizoendelea tangu 1994 chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na mahali pake zikaja gesi nyingine, zikiwemo zile za asili kama naitrojeni na agoni. Hizi hufyatuka kwa shinikizo kubwa. Septemba 2016 benki ya ING mjini Bucharest ilifanya jaribio la mfumo wake wa kuzima moto, na kelele za gesi ikitoka zilitikisa diski hadi zikaharibika. Huduma za benki zikakatika kwa saa kadhaa. Ukinunua mfumo huo, uliza midomo yake inatoa kelele kiasi gani, na diski zinazozunguka zisikae chini yake moja kwa moja.

Viyoyozi, UPS (betri za kushikilia umeme ukikatika) na jenereta vinaweza kudukuliwa kweli?

Vinaweza, na ndiko ninakopoteza usingizi, maana hakuna mwenye navyo. TEHAMA wanasema ni vya umeme. Umeme wanasema vimechomekwa kwenye mtandao, ni vya TEHAMA.

Lugha ambazo mitambo hii huongea zilibuniwa wakati mitambo ilikuwa imefungiwa chumbani. Modbus ni ya mwaka 1979. Haina nywila, anayeweza kuufikia mtambo anaweza kuuamuru. BACnet ya viyoyozi, katika umbo lake la kawaida, nayo huamini anayeongea nayo. SNMP, lugha ya kusimamia vifaa kwa mbali, katika matoleo ya zamani hutumia neno la siri ambalo kiwandani huwekwa kuwa "public", na hulisafirisha bila kulificha. Hivi vyote vikikaa kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya mapokezi, aliyeipata kompyuta ya mapokezi kwa barua pepe ya hadaa yuko hatua moja kutoka kwenye ubaridi wa seva zako.

Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliwakatia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine. Kinachonihusu mimi ni kipande kisichosimuliwa sana: waliingia pia kwenye usimamizi wa mbali wa UPS na kuzipangia zizime, ili wanaojaribu kurejesha umeme wabaki gizani wao wenyewe. Machi 2022 kampuni ya Armis ilitangaza udhaifu mkubwa katika UPS za APC aina ya Smart-UPS, uliowezesha kuzishika kwa mbali. Masasisho yalitolewa. Swali ni nani kwenu ana jukumu la kuyaweka.

Tenga mtandao wa mitambo kabisa. Kuingia humo kupitie kompyuta moja maalumu yenye uthibitishaji wa hatua mbili na inayorekodi kila kinachofanyika. Mtambo usiwe na njia ya kwenda intaneti. Msambazaji akisema lazima awe na njia ya kudumu ya kuingia kutoka kwake ili dhamana isife, mpe njia inayofunguliwa akiomba na kufungwa akimaliza. Mwaka 2013 duka la Marekani, Target, lilipoteza namba za kadi takriban milioni 40, na wavamizi walianzia kwenye nywila walizomwibia mkandarasi wa mitambo ya ubaridi.

Kamera nazo ni kompyuta. Oktoba 2016 jeshi la vifaa vilivyoambukizwa programu hasidi ya Mirai, vingi vikiwa kamera na rekoda zenye nywila za kiwandani, liliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki. Kamera uliyoiweka ikulinde inaweza kuwa inamshambulia mtu mwingine muda huu.

Ndani ya seva kuna kompyuta nyingine? Nimesikia lakini sikuelewa.

Ipo. Seva nyingi zina kompyuta ndogo ya usimamizi, BMC, iliyo hai hata seva ikizimwa mradi waya wa umeme umechomekwa. Inaweza kuiwasha seva, kuizima, kuitazama skrini yake, hata kuipakia mfumo mpya. Fundi huipenda kwa sababu inamwokoa safari ya usiku. Mwaka 2017 watengenezaji wa seva HPE walirekebisha hitilafu katika BMC yao, iLO 4: mtu alipita bila nywila kwa kutuma herufi A mara 29 mfululizo. Nywila ndefu, fayawoli, usimbaji wa diski, vyote vingekuwa bure kama tundu hilo lilikuwa wazi kwa intaneti. BMC zote ziwe kwenye mtandao wake, zisasishwe kwa ratiba, na nywila ya kiwandani iondolewe kabla seva haijapanda kabatini.

Tubadilishe nywila kila siku thelathini?

Hapana. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri kutolazimisha mabadiliko ya ratiba, kwa sababu watu huongeza tu namba mwishoni. Nywila iwe ndefu, ibadilishwe ikishukiwa imevuja, na kila mwenye mamlaka ya usimamizi atumie hatua ya pili, ikiwezekana kifaa kidogo cha usalama cha kuchomeka badala ya ujumbe wa simu.

Programu zinazofunga data na kudai fidia zikitufikia, kituo chenye ulinzi mzuri kitatuokoa?

Kituo hakitakuokoa. Nakala rudufu itakuokoa, kama mvamizi hawezi kuifikia.

Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya, iliyojifanya ya kudai fidia huku kazi yake ikiwa kuharibu, ilipita ndani ya kampuni ya meli ya Maersk. Walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zinazotunza utambulisho wa watumiaji wote zilifutika, nazo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo uharibifu ulinakiliwa nao. Iliyopona ni moja tu, ofisini kwao Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni. Mfumo huo wa utambulisho ulijengwa upya kutoka kwenye diski hiyo.

Hicho kilichotokea kwa bahati, ninyi kipangeni. Nakala tatu za data, kwenye hifadhi za aina mbili, moja iwe mbali na jengo, na walau moja iwe imekatwa na mtandao au isiyofutika hata na msimamizi mkuu. Akaunti za mfumo wa nakala zisiwe zile za mfumo wa kawaida. Kisha jaribuni kurejesha. Nimeona nakala zilizochukuliwa kwa uaminifu miaka mitatu, na siku ya kuzihitaji ufunguo wa kuzifungua ulikuwa umehifadhiwa ndani ya seva iliyoungua.

Mafundi wa nje tuwaruhusu vipi?

Wasindikizwe hadi watoke. Msindikizaji awe mtu anayeelewa kinachofanyika, maana mlinzi anayetazama simu yake hamwoni fundi anayechomeka waya wa ziada. Kazi iwe na hati: kabati namba fulani, kifaa fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na kadi yake ife saa hiyo ikifika. Kompyuta yake isiguse mtandao wenu bila kukaguliwa. Feleshi yake pia: Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, ilibuniwa isambae kwa feleshi hadi kwenye mitambo ambayo haikuunganishwa na intaneti kabisa.

Picha za kamera tuzitunze muda gani?

Mnaoshika data za kadi za malipo, kiwango cha PCI DSS kinataka miezi mitatu, isipokuwa sheria iseme vinginevyo. Wengine nashauri muda huohuo kama mwanzo. Hakikisheni saa ya kamera, saa ya logi za milango na saa ya seva zinachukua majira kutoka chanzo kimoja. Nimewahi kulinganisha picha na logi zilizopishana dakika saba, na ndani ya dakika saba walipita watu wanne.

Diski za zamani tuziuze?

Msikubali ziondoke zikiwa na data. Benki ya Morgan Stanley ilipofunga vituo vyake vya data kazi ilipewa kampuni ya kuhamisha vitu isiyo na uzoefu wa kuharibu data, na diski zikaishia mnadani mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja. Walitozwa faini ya dola milioni 60 mwaka 2020, kisha milioni 35 mwaka 2022.

Simbeni diski tangu siku ya kwanza, ili mwisho wake iwe kuharibu ufunguo. Sumaku ya kufutia inafanya kazi kwa diski za sahani zinazozunguka tu. SSD, diski isiyo na sahani, haisikii sumaku, inahitaji amri yake maalumu ya kufuta au kusagwa. Namba ya kila diski iandikwe inapoingia, inapotoka kabatini na inapoharibiwa, na safu hizo tatu zilingane.

Kituo kina cheti cha Tier III. Si ndiyo salama?

Tier I hadi IV, ngazi za taasisi ya Uptime Institute, hupima kama umeme na ubaridi vitaendelea wakati wa matengenezo au hitilafu. Hazisemi nani anaweza kuingia. ISO/IEC 27001 ya mwaka 2022, kiwango cha kimataifa, inagusa usalama moja kwa moja: ina vidhibiti 93, kati yake 14 ni vya mazingira na majengo. Lakini usome cheti kinahusu nini. Nimeoneshwa cheti halali kabisa kilichohusu ofisi ya mauzo, ukumbi wa seva haukutajwa.

Tumepangisha kabati kwenye kituo cha mtu. Kipi chao, kipi chetu?

Jengo, umeme, ubaridi, walinzi na milango ni vyao. Kilicho ndani ya seva, nywila, masasisho, nakala rudufu na orodha ya watu wenu wanaoruhusiwa kuingia ni vyenu. Orodha hiyo ndiyo inayosahaulika. Ombeni nakala yake leo muone majina yaliyomo, na ombeni logi ya kabati lenu ya mwezi uliopita. Mkiambiwa haipatikani, mmeshapata jibu la maswali mengi.

Nimekutana ukumbini na mtu nisiyemfahamu. Nifanyeje?

Msalimie, umuulize mwenyeji wake ni nani, kisha mpeleke kwa huyo mwenyeji au mapokezi. Mwenye haki ya kuwepo hatachukia. Asipotaka kufuatana nawe usimshike; toka nje, pigia chumba cha ulinzi, na ukae mahali unapouona mlango. Namba ya chumba cha ulinzi ibandikwe ukutani, na karibu yake iwepo simu ya mezani isiyopitia mtandao wa kituo, kwa sababu siku mtandao ukiwa chini ndiyo siku mtakayoihitaji. Inueni mkono wake kila Jumatatu asubuhi msikie kama inalia.